Utenzi wa Msumari wa Mkebeni

Ilikuwa Jumatatu,
sisi watoto watatu,
bilauri zetu tatu
dirishani darasani.

Moja maji ya bahari,
kateka Abubakari
asubuhi kwa hadhari
pale ngazi za gatini.

Pili maji ya kisima
cha ua wa kwao Tima,
kwa chai hayana wema,
yana chumvi ulimini.

Ya tatu maji ya mvua:
kibati nikafunua,
kwa kata nikachukua
kwetu chini birikani.

Mwalimu wetu Zuhura
ubaoni alichora
safu nne, na ishara,
akasema: “Kisieni.

Andikeni, msingoje,
mwadhani itakuwaje;
likiwa kosa, na lije,
litakaa kurasani.”

Abubakari kakiri:
“Kutu hupenda bahari.”
Nani angalighairi,
mtoto wa kisiwani?

Bawaba zetu hulika,
kufuli hufa haraka,
na mabati hutoboka
kwa chumvi ya upeponi.

Mimi ndiye mnunuzi
wa misumari, si kazi,
kwa Mbarawa mchuuzi
wa vyuma kule Langoni.

Mitatu nikafungiwa
gazetini; nachelewa,
punda mbele katolewa
kanibana ukutani.

Mmoja ukaponyoka,
mtaroni ukashuka,
sikuweza kuusaka
ndani ya tope la chini.

Mbio kwetu nikapita,
mkebeni mwa mafuta
msumari nikapata
sawa na wa madukani.

Sikumwambia yeyote.
Chuma ni chuma, vyovyote.
Ikazama pamwe yote,
ikatulia majini.

Wa kwetu, bila kujua,
Tima akauchukua,
chumvini akautua;
neno likafa kinywani.

Siku ya pili: hakuna.
Ya tatu: tone la hina
kisimani tukaona,
na mvuani, ubavuni.

Ya nne kutu kamili,
maji yakawa asali,
bilauri hizo mbili;
ya bahari, asilani.

Ule wa kwetu wameta,
chumvi haijaupata,
jua likiukumbata
kama kipini puani.

Abubakari kashika
kalamu, akaandika
jambo lisilotendeka:
“Kutu nyingi baharini.”

“Ndivyo inavyotakiwa,”
akanena, “tutapewa
alama; nani ajuwa
yaliyoko dirishani?”

Tima kasema: “Makosa.
Chuma hakina kurasa,
hakijasoma darasa,
hakijui mtihani.”

Nami moyo wanipiga,
ndimi niliyewaroga,
na ulimi una woga
kama paka wa jikoni.

Nikanena. Sikuketi.
Punda, mtaro, gazeti,
na mkebe wa mabati,
yakamwagika mezani.

Mwalimu hakukemea,
wala hakunisifia,
na tupa akachukua,
kaukwaruza pembeni.

“Huu umevaa zinki,
chumvi kwanza haishiki;
mingine haina haki,
imezama uchi ndani.

Mkibadilisha maji,
kingine hakihitaji
kuguswa; na mpimaji
asifiche mfukoni.”

“Tufute tu?” “La, hapana,
andikeni na la jana,
na la leo, kwa bayana,
yote mle kurasani.”

Tukarudi kwa Mbarawa:
misumari tisa sawa,
kila chombo kikapewa
mitatu, bila utani.

Siku ya pili bahari
ikaanza kuhasiri,
kisima kikasubiri
hadi ya tatu, foleni.

Na mvua nayo ikaja,
isipokuwa mmoja:
bado hautaki hoja,
wameremeta, kwa nini?

Tukautazama sana.
Tima kichwa akakuna.
Abubakari kanena:
“Safu mpya: andikeni.”

Nami nipitapo pale
nauwaza wangu ule:
umebaki vile vile,
ama kutu matopeni?

Nimeanza kuhesabu,
leo ya saba; jawabu
sina. Ninayo sababu
ya kushuka mtaroni.