Taa ya Tatu

Chibago alinipigia saa kumi jioni, sauti imemkauka:
"Mbukwa, fundi. Bwawa langu limeshikwa na kichaa,
na keshokutwa nina harusi hapa."

Nikafunga begi nyuma ya pikipiki, nikapanda Iyumbu
kwa njia ya vumbi, upepo ukinisukuma kifuani
kama mdai.

Bwawa lilikuwa kimya, kingo zake nyeupe kwa chumvi,
maji haya ya visima vyetu yanayoganda kwenye sufuria,
kwenye bomba, hata kwenye kope.
Taa ya majini haisomeki mchana. Nikangoja jua lishuke
nikitafuna karanga, Chibago akihesabu wageni
kwa sauti, akikosea, akianza upya.

Saa moja kasoro, nikawasha.
Nyekundu: zote nne. Sawa.
Kijani: zote nne. Sawa.
Buluu: tatu zikaja. Ya tatu kutoka ngazini
ikabaki shimo, pengo la jino.
"Si umeona? Imekufa!"
Haijafa, Mzee. Tulia.
Zambarau: wenzake zambarau, yenyewe nyekundu.
Nyeupe: wenzake weupe, yenyewe manjano,
kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Nikacheka peke yangu.
Haina kichaa hii. Inasema kila sentensi
ila neno moja inalimeza.
Imenyimwa buluu, basi.

Nikazima umeme kwenye swichi kuu, funguo nikaitia mfukoni,
maana maji na umeme mimi siwaamini wakiwa chumba kimoja.
Nikakunja suruali, nikalala kifudifudi ukingoni,
nikafungua ya pili na ya tatu, nikazibadilishana nyumba.
Nikawasha.
Ile iliyokuwa nzima sasa inameza buluu.
Ile iliyokuwa mbovu inang'aa kwa wapangaji wapya.
Ugonjwa umebaki palepale ukutani.
Taa haina kosa. Kosa liko njiani.

Nikazima tena. Nikafuata bomba la waya kwa tochi ya simu,
chini ya vigae, chini ya mzabibu wake usiozaa,
hadi kisanduku nyuma ya pampu.
Skrubu moja ilizunguka, tatu ziligoma; nikazikata.
Ndani, udongo wa mchwa.
Nikaupuliza.
Waya mwekundu umeshika. Wa kijani umeshika.
Wa buluu umekuwa unga, shaba imeota kutu,
nikaugusa kwa kucha ukakatika.

Hapo ndipo nilipouona msokoto.
Mizunguko mitatu, kuelekea kushoto,
mkia umekunjwa chini kama mguu wa panzi.
Mimi ni mashoto. Dodoma nzima
sijaona fundi mwingine anayesokota hivi.

Mei, mwaka juzi. Mama alikuwa amelazwa.
Jeli ya kuzuia maji ilikuwa imeniishia,
nikazungushia selotepu, nikajiambia
Jumatatu nitarudi niifunge vizuri.
Jumatatu tulizika.

"Nani alifanya ujinga huu?" Chibago ameinama begani kwangu,
ananukia tumbaku.
Plaizi ilikuwa mkononi. Nikakata waya
mpaka nikaikuta shaba nyekundu, safi,
nikaunganisha, nikajaza jeli, nikafunga,
nikabana kifuniko kwa skrubu mpya nne.
Jibu sikumpa.

Buluu.
Zote nne, hadi chini kwenye mchanga wa chujio
uliovuja sakafuni, hadi miguuni mwetu.
Nondo mmoja akaja akaanguka majini.

Nikaandika risiti juu ya paja:
Jeli, elfu sita. Viungio, elfu mbili na mia tano.
Skrubu, elfu moja.
Ufundi:
"Hapa umesahau, Sechelela."
Sijasahau.
Akanitazama, akaitazama karatasi, akakitazama kisanduku.
Kisha akaikunja mara nne, ndogo kabisa,
akaitia mfuko wa shati, akaenda kuhesabu viti.