Lumbesa

Baba anauliza kwa simu kutoka Makete,
"Bado wanakusomesha viazi tu?"
Viazi tu, Baba. Mwaka wa nne sasa.
Huku Dundee kiazi kina daktari wake,
kina friji yake ya nyuzi themanini chini ya sifuri,
kina taa inayowashwa saa kumi alfajiri
kwa sababu ukungu haujui Jumapili.

Naamka. Navaa koti juu ya koti.
Mto Tay umelala kama bati jipya,
basi la kwanza lina mimi na wafanya usafi,
tunasalimiana kwa videvu.
Nachukua jani, nalipiga picha, naandika:
doa, milimita tatu. Jana zilikuwa mbili.
Hiyo ndiyo habari. Hiyo ndiyo siku.

Ufadhili wangu ulishonwa wa miaka mitatu na nusu.
Kazi iliyomo ni ya mitano.
Wewe gunia hilo unalijua:
linajazwa hadi mdomoni, kisha linavishwa kilemba,
wanafuma kamba za katani, wanashindilia kwa goti,
na dalali anaandika daftarini: gunia moja.

Nilikuwa darasa la sita uliponituma nihesabu madebe.
Sita ndiyo gunia. Yakaingia manane.
Nikasema, "Baba, haya mawili nani anayalipa?"
Ukanitazama hivi, kisha ukalitazama lori,
maana lori ndilo lililokuwa na haraka.

Ofisi yetu ina meza tano na dirisha moja.
Dirishani anakaa Agnieszka, daktari kamili,
mikataba minne, miji minne,
sanduku moja hajalifungua tangu Uppsala.
Ananifundisha kusoma matangazo ya kazi:
"Wakiandika mwenye ari, ujue mshahara mdogo.
Wakiandika kuna uwezekano wa kuongezewa muda,
haupo."
Anacheka, anapuliza chai.
Nafasi moja ya Aberdeen, mwezi uliopita,
iliombwa na watu mia mbili na kumi na moja.
Yeye alikuwa wa pili.
Wa pili hapewi hata nauli.

Leo Profesa Geddes kaniita. Mtu mwema, ana biskuti.
Kasema tasnifu iko karibu, imebaki sura moja,
na vielelezo, na lile jaribio la mwisho la banda la vioo,
na je, nitawafundisha wa mwaka wa kwanza kila Alhamisi?
Fedha hakuna, ila itapendeza kwenye wasifu wangu.

Nikaitazama mikono yangu.
Kwa mara ya kwanza tangu nifike
nikatamka neno la nyumbani ndani ya ofisi ile.
"Lumbesa," nikasema.
Akaomba nimwandikie.
Nikaandika. Nikachora gunia, nikachora mstari
pale mdomo unapoishia,
na juu ya mstari nikapanga: Alhamisi, jaribio,
Jumapili zote za saa kumi alfajiri.
Pembeni nikaandika, nani anayalipa?

Hakujibu. Alikitazama kikaratasi,
akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati.
Sijui kitafika wapi.
Huenda kwenye mashine ya kufulia.

Baba, lori likija kesho
liache liungurume.
Mimi nimerudi kwenye jani:
doa, milimita nne.