Mkono Mmoja wa Rangi

Nakwangua tangu asubuhi.
Mpangaji mpya anataka manjano,
manjano ya simu na fedha za simu,
na anaitaka leo, kabla ya adhana ya alasiri,
maana mafundi wa Mbale, anasema,
hodari wa kupokea arubuni.
Simjibu. Nina msasa, nina kisu cha baba,
barabara ya Naboa iko chini ya ngazi yangu
na pua yangu iko ukutani.

Kwanza ilitoka kijani: famasi ya Nambozo,
aliyeuza vidonge kimoja kimoja
na kumkopesha kila mwenye mtoto wa homa
hadi daftari likanenepa, rafu zikakonda.
Chini ya kijani, nyekundu: baa.
Hiyo naikumbuka mwenyewe. Miaka ya magendo,
kreti tupu dirishani, zionekane zimejaa,
na kahawa ya Masaba ikipita uani usiku kwenda Kenya,
magunia yamefungwa midomo, na punda pia.

Chini ya nyekundu, namba.
Namba tu, 114, kwa kibati kilichotobolewa.
Nyumba iliyokosa mwenyewe hupewa namba
kama maiti ya hospitali.

Hapo nilishuka nikanywa maji.
Chini ya namba ni mkono wa baba.

Juu kabisa, kwa saruji, pasipofika msasa wangu: 1938.
Mafundi Masingasinga waliijenga kwa mchanga wa Manafwa,
duka chini, vyumba juu, ua wa kuanikia pilipili.
Matofali waliyabeba babu zetu kichwani;
hilo halikuandikwa kwa saruji wala kwa rangi.
Popatlal Vithaldas hakujua Kigisu,
mkulima hakujua Kigujarati,
wakakutana kwenye mizani
kwa Kiswahili kilichovunjika mguu lakini kinatembea:
*Wewe leta kahawa, mimi toa blanketi.*
Na mizani yenyewe? Wazee wanacheka.
Jiwe la kilo moja lilikuwa na siku zake.

Kwa Kiswahili hichohicho, mwaka wa sabini na mbili,
sajini aligonga kaunta
akasema maneno mawili yasiyovunjika popote:
*Funga. Ondoka.*

Baba ndiye aliyeandika jina lile, mwaka wa sitini na moja,
herufi za bluu zenye kivuli chekundu,
P. VITHALDAS NA WANAWE,
siku nne juu ya ngazi, chai ya tangawizi kila saa kumi.
Baba ndiye aliyeitwa kulifuta.
Ujira: sukari kilo mbili na suruali ya dukani.
Akapaka chokaa mkono mmoja, akashuka.

Mkono mmoja! Jina likawa limelala
chini ya shuka jepesi.
Mvua ikinyesha, ukuta ukilowa, lilirudi,
watu wakapita wakisoma kimoyomoyo.
Jua likitoka, likaondoka.
Sajini alimuuliza. Baba akamwambia:
Afande, nchi haina rangi.
Na ni kweli, haikuwa nayo.
Hadi anakufa sikumwuliza
kama alikuwa na kopo la pili.

Mwaka wa tisini na nne alikuja mjukuu, Kusum,
koti la baridi mkononi katika joto letu.
Aliomba kupanda juu. Alikaa dakika tano.
Aliipata nyumba kwa karatasi, akaiuza kwa karatasi,
wiki moja, na funguo akamwachia Nambozo
pamoja na ndoo aliyosema ilikuwa ya bibi yake.
Ilikuwa ya baa. Hakuna aliyemwambia.

Sasa nimefika kwenye bluu.
THALDAS NA WA, basi,
nyingine imebanduka na chokaa yake.
Naifuta vumbi kwa kiganja.
Ile V, angalia, baba hakuipatia:
mguu wake wa kulia ni mfupi.

“Fundi!” Mpangaji yuko chini, saa mkononi.
“Hiyo manjano utapaka mikono mingapi?”

“Mmoja,” nasema.
“Rangi imepanda bei.”
Na ni kweli, imepanda.