Ndoo

Ukuta tuna mmoja
wa matumbawe na hoja:
Siwema wa Tanga kaja,
mimi wa hapa Langoni.

Siku yake ya awali
alisimama kwa mbali;
nikamwita: “Ndoo, wali
u tayari sahanini.”

Hakupoteza wakati,
kaleta ndoo ya bati,
akaniuliza eti
“Nijaze maji ya nini?”

Nikacheka, nikakaa,
yeye pale kaduwaa,
hajui njaa ni ndaa,
njoo ni ndoo, Amuni.

Kisha zamu yake sasa,
dukani kwa Kombo Isa;
nilivyosema kanasa:
“Nipe mtele wa deni.”

“Dada, si hivyo kutaka!
Kukopa kuna mipaka:
samahani tatu weka,
kisha naomba, mwishoni.”

Salamu zake Siwema:
watoto, kuku, na homa;
akifika kwa “Wazima?”
nimeunguza jikoni.

Mkate wangu wa mofa
hakuupa hata sifa,
kasema wafaa nyufa
kuzibia ukutani.

Nami vyake vitumbua
nikasema vyasumbua;
vinane nikabugia
kwa kuhakiki yakini.

Ufa upo, wa kidole.
Sauti hupita pale,
na moshi, na makelele
huja mpaka chumbani.

Timu yao, timu yetu,
kibarazani kwa watu
tukawekeana vitu:
ndoo ile, na sahani.

Wakatoka moja moja;
tukaishiwa na hoja.
Refa, sote kwa pamoja
tukamtia motoni.

Mfungo tatu akenda
kwao Tanga. Nikakonda:
wa kumfanyia inda
hakubaki mtaani.

Kwa Kombo, nikitafuta
nazi mbili na mafuta,
“Naomba…” nikajikuta.
Akashtuka: “Kafa nani?”

Naye akapiga simu
kwa kicheko cha wazimu:
“Nasema ‘Ndoo, Salumu,’
kaja nayo toka ndani!”

Wakacheka mashangazi.
Naye kawapa ya wazi:
“Utamu huo hamwezi,
nimeuchota Langoni.”

Afisa wa Horohoro
kamuuliza kwa kero:
“Wenda wapi?” “Kichochoro
chembamba, cha wapinzani.”

Kesho yuaja. Naoka
mofa ngumu kama shoka;
ule ufa nauweka,
usizibwe, ukutani.