Masikio ya Farasi

Alikuja Makoroboi mwezi wa vuli,
picha ameifunga kwa kanga mbili kuukuu.
Jina lake, Zdzisława, lilitutoa jasho;
tukamwita Bi Jisilava, akaitika.

Nikaifungua juu ya meza ya vioo.
Farasi mmoja. Theluji. Miguu haipo.
Nikasema, Bibi, rangi ilikuishia?
Akasema, Theluji ilifika hapa,
akagusa kiuno chake mwenyewe,
kisha, kama mtu anayetaja bei ya sukari:
Baba ndiye aliyemshika hatamu.

Nikamtafuta baba kwenye picha.
Hayumo. Hata kofia.

Kwao Polandi, alisema, vita vilipokwisha
wachoraji walichora jogoo, mbwa, farasi,
washairi wakaandika kunguru juu ya waya,
maana mtu ukimtaja, karani anauliza:
wa upande gani? alikufa lini? nani shahidi?
Mnyama haombwi kitambulisho.

Nilikuwa napima fremu. Futi mbili, inchi tatu.
Nikapima tena. Nikakosea tena.

Sisi kule Magu tulikuwa na Sabasaba,
dume la plau. Kaka yangu Lushinge
alimzoesha kusimama kwa mluzi
kila walipofika kwenye kichuguu.
Mwaka wa sabini na nane lori la jeshi likaja.
Kagera haikumrudisha, wala barua haikutumwa.
Matanga hatukuyaanua, maana hatukuyaweka;
jina lake tulilikunja kama nguo ya sikukuu,
likakaa sandukuni.
Ila Sabasaba, msimu hadi msimu,
akifika kichuguuni
alisimama.
Masikio nyuma.
Na baba, mtu mwepesi wa fimbo,
alisimama naye, akainama,
akajifanya anafunga kamba ya kiatu.
Alikuwa pekupeku.

Haya sikumwambia Bi Jisilava.
Nilimwuliza tu: farasi wako anasikiliza nini?
Akahesabu hela mara mbili, akaniwekea mezani,
akaenda zake upande wa ziwa, dagaa wananuka.

Hakurudi kuichukua.
Nimeipa fremu ya mninga,
ubao wa chini mpana kuliko wa juu, vidole vinne,
miguu ikitaka kurudi ipate pa kukanyaga.
Jioni treni ikipiga honi pale stesheni
vioo vyote vinatetemeka, na yeye, ukutani,
masikio nyuma.

Mimi naweka msasa chini.
Nainama, natafuta kamba.
Nimevaa ndala.