Kivunjamwamba

Tuliondoka Killin kabla mwokaji hajafungua duka,
watatu: Fearchar na goti lake bovu,
Eilidh aliyebeba kamba, na mimi niliyebeba magazeti.
Ndiyo, magazeti. Kilo nne za habari za wiki iliyopita,
na mbao mbili, na mikanda ya kuyabana:
hivyo ndivyo ua linavyokaushwa
likaishi zaidi ya aliyelichuma.

Mama alinipigia jana usiku kutoka Same.
"Wazungu wanakulipa utazame majani?"
Wananilipa, mama. Kidogo.
"Na majani hayo huliwa?"
Hayaliwi.
Akanyamaza, kisha akauliza kama navaa soksi.

Mlima huu wa Ben Lawers hauna haraka wala adabu.
Ukungu wake huteremka bila hodi,
ukakuvua milima jirani mmoja mmoja
mpaka ubaki na buti zako na kipande cha jiwe.
Basi tukapiga magoti. Kazi yetu ni ya magotini:
jicho kwenye lenzi, lenzi kwenye jani,
makalio juu, mvua ikiyachapa bila upendeleo.

Fearchar akasoma ufunguo wa kitabu kwa sauti.
Majani yanakabiliana, au yanapishana?
Yanapishana. Nenda kumi na nne.
Ukingo mzima, au umegawanyika?
Una vidole, nikasema, kama kiganja cha mtoto mchanga.
"Vidole havimo kitabuni."
Haya, umegawanyika. Mara tano. Nenda ishirini na mbili.
Ua la rangi gani?
Halijafunguka. Huenda halitafunguka;
kiangazi cha huku ni mgeni wa mlangoni, hata chai hanywi.
Lakini kwenye makwapa ya majani, hebu tazameni,
shanga, ndogo kuliko kichwa cha pini,
vitunguu vya rangi ya damu ya mzee
vikingoja kudondoka.

Eilidh akashusha pumzi. Fearchar akafunga kitabu,
namba iliyofuata hakuisoma.
Saxifraga cernua. Alilitamka jina
kama mtu anayemtaja marehemu mbele ya wanawe.
Mara ya mwisho alipokiona, goti lilikuwa zima.

Kwetu kitu hiki hakina jina.
Nilijaribu palepale, vidole vimekufa ganzi.
Kilatini kinakiita mpasua mawe,
nami nikasema mvunjamwamba,
nikakiweka katika ngeli moja na mvule, mkuyu, mninga.
Ile m- ikakilemea. Kimo chake kidole gumba,
kimeinama kama anayetafuta sindano sakafuni.
Nikakipunguzia mzigo: kivunjamwamba.
Kwa lugha yangu aliye mdogo huhamia kwa visu na viti.
Si tusi. Angalau atapata pa kukaa.

Kisu changu kilikuwa wazi.
Kibali kilikuwa mfukoni, kimepigwa muhuri Edinburgh:
sampuli moja.
Nikahesabu mashina. Kumi na moja.
Nikahesabu tena nikiomba niwe nimekosea.
Kumi na moja, ndani ya ufa usiozidi upana wa sahani,
na baada ya hapo mwamba, na mwamba, na kondoo.

Hakuna aliyenikataza. Hilo ndilo lililonitesa.

Kitunguu kimoja kilikuwa kimekwisha kuanguka
juu ya jiwe tupu, pasipo udongo hata wa kucha.
Eilidh akakisukuma ufani kwa njiti ya kiberiti,
taratibu, ulimi nje,
kama anayerudisha jino la mtu.
Nikakunja kisu.

Lebo niliijaza hata hivyo, mazoea yana nguvu:
Mwamba wa chokaa, unachuruzika maji.
Mita elfu moja na mia moja, upande wa kaskazini.
Mkusanyaji: S. Mbwambo. Namba 212.
Nikaibana peke yake gazetini,
juu ya tangazo la trekta kuukuu
ambayo, Fearchar anasema, inauzwa tangu Pasaka.

Soksi, mama, zimelowa zote mbili.