Kiache Kile

Kumbukumbu ya Ayikoru ni gigabaiti mbili,
ya kompyuta yake, nasema; mwenyewe hasahau deni.
Saa nne asubuhi, duka la kuchapia pale sokoni Arua,
feni inavuma kama nyuki waliochokozwa,
kivinjari kimeshameza kila kitu,
na kijana wa barua ya kazi
anakunja, anakunjua noti yake ya elfu mbili.

"Funga vichupo, dada!" Thelathini na kimoja.
Bei ya ufuta.
Fomu ya chuo cha uuguzi, nusu imejazwa.
Dawa ya kuku wanaokoroma.
Harusi ya mtu nisiyemjua.
Vyote vimekaa kama wageni wa matanga
wanaokula wasiage.

Anafunga. Anafunga. Feni inashusha pumzi.
Kisha ramani ya Juba, mtaa mmoja
umekuzwa hadi bati la paa likaonekana,
lina kutu upande wa mlango.
Kidole chake kinasita.
Mimi fundi; najua ramani ndiyo mlafi kuliko vyote.
"Hiki," asema, "kiache kile."

Barua ilitoka saa sita kasoro,
mstari kwa mstari.
Kijana hakudai chenji.